Kanesheni au pinki ya Kichina? Tuusome mmea kabla ya kununua mbegu za kupanda Dodoma

Wifi yangu alihamia Iyumbu akitokea Lushoto, na kitu cha kwanza alichokitoa kwenye mizigo, kabla hata ya sufuria, kilikuwa bahasha ya mbegu za kanesheni. Kule milimani alikuwa nazo kandokando ya baraza, ndefu, zinanukia mpaka chumbani. "Wifi, nipe miezi sita tu, utaona hapa," akaniambia. Ilikuwa Februari. Agosti ilipofika, mashina yalikuwa membamba kama njiti, majani ya chini yamekauka kama mabua, na yale maua machache yaliyojaribu kuchanua yalipasuka ubavuni, petali zikamwagikia upande mmoja. Wakati huohuo, kwangu Kisasa, kitanda cha pinki ya Kichina kilikuwa kimejaa maua tangu Julai, kwa udongo uleule mwekundu na maji yaleyale.

Aliumia, na mimi niliumia kwa ajili yake, kwa sababu hakuzembea popote. Alichagua mmea wa baridi akauleta kwenye jua la Dodoma. Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa mwingine yeyote anayesimama mbele ya rafu ya mbegu, anatazama picha nzuri na hajui achukue pakiti ipi. Niseme mapema ninakoelekea: kwa nyumba ya Dodoma mjini, pinki ya Kichina ipande ardhini bila wasiwasi, kanesheni iweke kwenye chungu kama moyo wako umeishikilia, nyingine nitazieleza njiani.

Mwili mmoja, tabia mbili

Kanesheni na pinki ya Kichina ni ndugu wa karibu. Zote ni jenasi, yaani kundi la mimea ya undugu wa karibu, iitwayo Dianthus, jina lililoundwa kwa Kigiriki likiwa na maana ya ua la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 300, nyingi kabisa za Ulaya na Asia, chache za Afrika. Kanesheni ni Dianthus caryophyllus, mmea wa upande wa Bahari ya Kati. Pinki ya Kichina ni Dianthus chinensis, ya Asia ya Mashariki. Zote mbili zilipewa majina hayo na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753.

Ukishika mmea wowote wa jenasi hii utakuta mambo yaleyale. Shina lina vifundo vilivyovimba, kama muwa mdogo sana. Kwenye kila kifundo majani mawili yanatoka yakitazamana, membamba, hayana kikonyo, na matako yake yameungana yakalivalisha shina kama kola ya shati. Ua lina petali tano kwa asili yake, kila moja ikiwa na ukingo uliochanwachanwa kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa meno. Ndani kuna stameni kumi, yaani nyuzi za kiume zinazotoa chavua, na katikati nyuzi mbili za kike zinazopokea chavua. Petali zinakaa kwenye kikombe kirefu chembamba cha kijani, na kwenye kitako cha kikombe hicho kuna vijani vidogo vilivyokibana. Vishike akilini vijani hivyo. Ndivyo vitakavyokuamulia mambo mbele ya safari.

Familia nzima inaitwa Caryophyllaceae, na hapa sisi wa Kiswahili tuna haki ya kusimama kidogo. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki karyophyllon, yaani karafuu. Karafuu yetu nayo tumeipata kwa Waarabu, qaranful, neno ambalo ni ndugu wa lile la Kigiriki. Na Waarabu mpaka leo wakisema qaranful huenda wanazungumzia kiungo au wanazungumzia ua la kanesheni. Mkarafuu wa Pemba wenyewe hauna undugu na maua haya, ni jenasi moja na mzambarau. Kilichowakutanisha ni harufu. Kanesheni ina eugenoli, kemikali ileile inayoifanya karafuu inukie karafuu. Mtu aliyekulia pwani akiinusa kanesheni ya asili kwa mara ya kwanza hashangai, anakumbuka pilau.

Na sisi tunaosema "pinki" tunapochagua vitenge, tunalitaja ua hili bila kujua. Waingereza waliliita ua hilo kwanza, rangi ikafuata jina la ua, kama sisi tulivyoitoa rangi ya waridi kwenye waridi.

Kanesheni: uzuri wenye masharti

Nianze na jani, kwa sababu kwenye kiriba cha mche huna kingine cha kutazama. Jani la kanesheni ni la kijivu chenye ubuluu, nene kidogo, ncha yake inajikunja. Lipitishe kidole gumba uone: ule ukijivu unafutika. Ni nta. Nta hiyo inarudisha sehemu ya mwanga wa jua na kupunguza maji yanayopotea jani likipumua. Ukiishia hapo utasema mmea huu umezaliwa kwa ajili ya Dodoma, na ndipo watu wengi, wifi yangu akiwemo, wanapokosea. Kiangazi kikavu cha Bahari ya Kati kanesheni inakijua, ila kukua kwake inakufanya kwenye miezi ya ubaridi. Inataka usiku wa nyuzijoto 10 hadi 15 na mchana usiounguza. Sisi usiku wa namna hiyo tunaupata Juni na Julai, kisha unatuponyoka.

Halafu kuna lile la kupasuka. Kanesheni za kisasa ni za petali nyingi, kwa sababu wakuzaji wa karne nyingi walichagua mimea ambayo stameni zake zilikuwa zinageuka petali. Ua la porini lina petali tano. Hili limesongamana petali makumi ndani ya kikombe kilekile chembamba. Usiku ukiwa wa baridi na mchana ukapanda ghafla, petali zinaongezeka na kutanuka kuliko kikombe kinavyoweza kuzibeba, na kikombe kinachanika. Agosti ya Dodoma ni hivyo hasa: asubuhi unavaa sweta, saa nane unatafuta kivuli. Wifi yangu alidhani ni mdudu. Alipulizia dawa mara mbili, na dawa haiwezi kushona kikombe.

Udongo wenye joto una adha nyingine. Kuna ukungu wa udongoni, Fusarium, unaoingia kwa mizizi na kuziba njia za maji. Upande mmoja wa mmea unanyauka, unageuka rangi ya majani makavu, ukilipasua shina unakuta michirizi ya kahawia. Ukungu huu unashamiri udongo ukishapata joto. Na upepo mkavu wa Septemba unaleta utitiri mwekundu, wanaonyonya chini ya majani mpaka yanakuwa na vidoa vya manjano.

Baada ya yote hayo, kwa nini mtu aitake? Kwa sababu hakuna nyingine kama hiyo. Shina refu, hata sentimita 80. Ua likikatwa likawekwa kwenye maji safi linakaa wiki mbili na zaidi, mradi usiliweke karibu na ndizi mbivu au papai, maana gesi inayotoka kwenye tunda linaloiva inalifanya ua la kanesheni lijikunje na kuzeeka kabla ya siku zake. Na harufu nimekwisha kuieleza, ingawa nyingi za dukani zimepoteza harufu kwa kuchaguliwa urefu wa shina na kudumu.

Mimi nina sababu moja zaidi, na si ya bustani. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno waliiangusha serikali yao ya kidikteta, na watu wa Lisbon wakachomeka kanesheni nyekundu kwenye midomo ya bunduki zao. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Kabla ya siku hizo, vijana wa FRELIMO walikuwa wamepiga kambi Kongwa, hapa hapa mkoani kwetu, pamoja na wapigania uhuru wa nchi nyingine za kusini. Kila nikipita Kongwa nalikumbuka ua hilo. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu asiipande kabisa.

Ila ipande hivi: chungu kirefu chenye matundu, upande wa mashariki wa nyumba ili ipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Nunua mche uliotokana na kipandikizi, wa maua madogo mengi kwenye shina moja. Hao hawapasuki sana kama wale wa ua moja kubwa. Ukipata mmea mzuri usisubiri mbegu. Shika ncha ya tawi changa lisilo na ua, vuta polepole, litachomoka lenyewe kwenye kifundo. Lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu.

Pinki ya Kichina: haidai mengi

Hii ni fupi, sentimita 20 mpaka 50. Jani lake ni la kijani zaidi, pengine kijani chenye vumbi la kijivu, jembamba na lenye ncha, halijikunji. Ua mara nyingi limebaki na petali zake tano, limefunguka bapa kama sahani ndogo, na katikati lina pete ya rangi iliyokoza, nyekundu ya damu ya mzee juu ya pinki au nyeupe. Kwa kuwa petali ni tano, kikombe hakina cha kukipasua. Jambo dogo hilo la maumbile ndilo lililookoa kitanda changu Agosti ile.

Harufu, karibu hakuna. Niseme wazi, maana mtu akisoma kwamba ni familia yenye jina la karafuu akainunua kwa kutaka kunusa, atajiona ametapeliwa. Na shina fupi haliifai chombo kikubwa cha mezani. Inatosha glasi ya chai. Mmea wenyewe hauishi miaka mingi. Uhesabu kama wa msimu, na ukipita msimu wa pili shukuru.

Inachokupa ni uvumilivu na haraka. Mbegu inachipua ndani ya siku saba hadi kumi, na kama wiki kumi na mbili tangu kuisia unaona maua. Joto la mchana inalivumilia kuliko ndugu yake. Maua yakinyauka, kata mashina yote kwa theluthi moja, usione huruma. Baada ya wiki chache linakuja wimbi jingine. Wakulima wa zabibu wa Hombolo hawahitaji kufundishwa hili, wanajua kukata ni kuamsha.

Mbegu nyingi za madukani zenye jina hili kwa kweli ni chotara za Dianthus chinensis na Dianthus barbatus, ndugu mwingine wa jenasi hii. Si kasoro, chotara hao wana nguvu. Ila ukivuna mbegu zake ukasia tena, usitarajie rangi ileile. Uchotara kwenye jenasi hii ni jambo la zamani: mkulima wa London, Thomas Fairchild, alichukua chavua ya Dianthus barbatus akaiweka kwenye kanesheni karibu mwaka 1717, na mmea uliotoka unatajwa kuwa miongoni mwa chotara wa kwanza kabisa wa mimea uliotengenezwa na mtu kwa makusudi. Ulikuwa tasa, ndiyo maana waliuita nyumbu wa Fairchild, kwa mfano wa yule nyumbu chotara wa punda na farasi.

Barbatus yenyewe usiisumbukie. Ina majani mapana yenye mshipa wa kati unaoonekana, na maua madogo yaliyofungamana kama kichwa cha koliflawa. Nzuri sana, lakini aina zake za kawaida hukua majani mwaka wa kwanza, zinahitaji kipindi cha baridi kali, ndipo zichanue mwaka wa pili. Baridi hiyo hatuna.

Vile vijani vya kitakoni

Maua yakishafunguka na lebo imepotea, geuza ua utazame kitako cha kikombe. Kanesheni: vijani vinne au zaidi, vifupi na vipana, vimeishia kama robo ya kikombe. Pinki ya Kichina: vinne, vina ncha ndefu, vimefika nusu ya kikombe au kupita. Barbatus: ncha kama sindano, ndefu kama kikombe chenyewe, ndizo zinazokipa kichwa chote sura ya ndevu. Chotara watakaa katikati, na hapo utajua umenunua chotara.

Ukikuta hakuna vijani kabisa, mkononi mwako hakuna Dianthus. Hili linawapata wengi kwa jipsofila, yale maua meupe madogo kama povu ambayo wapambaji wa harusi na mahafali wanayachanganya na waridi. Jipsofila ni jenasi Gypsophila, familia ileile. Kikombe chake ni kifupi kama kengele, kimepigwa mistari ya kijani na utando mweupe, na kitako chake ni kitupu.

Jina la Gypsophila maana yake ni mpenda jasi, kwa kuwa baadhi ya spishi zake zinaota kwenye udongo wa jasi na chokaa. Nilipolijua hilo nikafikiria Itigi, kule Singida, inakochimbwa jasi, nikaona kanda ya kati imeumbiwa ua hili. Udongo, ndiyo. Kikwazo ni saa. Jipsofila ya wapambaji, Gypsophila paniculata, inachanua siku zikiwa ndefu, kama zilivyo kiangazi cha Ulaya. Dodoma iko kama nyuzi sita tu kusini ya ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote, Desemba, ni kama saa kumi na mbili na nusu. Mmea unakaa chini majani matupu, unasubiri siku ambayo haiji. Mashamba makubwa ya Kenya na Ethiopia yanawasha taa usiku ili kuudanganya. Kwa mtu wa nyumbani, umeme huo wa nini? Anayeitaka kweli ajaribu Gypsophila elegans, ya msimu mmoja, akijua maua yake yanapita upesi na itabidi asie kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili tatu.

Silene nayo ni ndugu, jenasi kubwa kuliko zote katika familia, na spishi mojawapo, Silene burchellii, inaota yenyewe hapa Tanzania. Nyuzi zake za kike ni tatu badala ya mbili, na maua yanafunguka jioni kwa ajili ya nondo, wakati Dianthus inawasubiri vipepeo wa mchana. Kwa kupamba baraza sioni sababu ya kuihangaikia. Naitaja kwa heshima tu: mwaka 2012 wanasayansi wa Urusi walitangaza kuwa wameotesha Silene stenophylla kutoka kwenye tunda lililokaa kwenye barafu ya ardhini ya Siberia zaidi ya miaka 30,000. Familia hii ina subira.

Kuisia kwa kalenda ya Dodoma

Mvua yetu haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Usiisie Dianthus mvua ikiwa imeshika: maji yakituama shingoni mwa mmea, panaoza. Sia mwishoni mwa Machi au Aprili kwenye kitalu chenye kivuli chepesi, funika mbegu kwa mchanga mwembamba kiasi cha kuzificha tu. Hamishia kitandani Mei, sentimita 20 hadi 25 kati ya mche na mche, ili miezi ya ubaridi iwakute wameshika. Joto la Oktoba litawakuta watu wazima.

Kichanga chekundu cha Iyumbu, Kisasa au Nkuhungu kinafaa kwa sababu kinapitisha maji. Udongo mweusi wa mbuga haufai. Inua tuta la sentimita 20 au tumia chungu. Samadi iwe imeoza kabisa, mkono mmoja kwa shimo, kwa kuwa mbichi inaleta majani mengi na maua machache. Majivu acha. Dianthus inapenda udongo usio na uchachu, lakini wetu mara nyingi hauna uchachu tayari, na maji ya kisima ni magumu. Chokaa ya kwenye maji haiwadhuru. Chumvi inawadhuru. Ukiona ukoko mweupe juu ya chungu, mwagilia kwa wingi mara moja mpaka maji yatoke chini kwa muda, uisafishe, kisha urudi kwenye kiasi chako.

Mwagilia asubuhi, chini ya mmea, majani yabaki makavu. Matandazo ya nyasi yasiguse shina. Kuzunguka shingo weka kokoto ndogo, zinazuia unyevu kukaa hapo.

Novemba, maua yakiisha, vikombe vinakauka na ndani yake kifuko kinafunguka kwa juu meno manne, kama kinywa cha kifaranga. Kiinamishe juu ya karatasi, utaona mbegu nyeusi, bapa, nyepesi kiasi kwamba pumzi inaweza kuzipeperusha. Wifi yangu amechukua za kwangu nusu kikombe cha kahawa, akazifunga kwenye karatasi ya daftari pamoja na jina na mwezi. Kanesheni amebakiwa na moja, kwenye ndoo iliyotobolewa, mashariki mwa nyumba, karibu na dirisha la chumba anacholala.